Damu yangu mwaipeleka wapi? Maswali ninayoulizwa kuhusu kazi ya utafiti wakati wa korona

Mimi ni mzaliwa wa Malindi. Kuanzia 2020 hadi 2022 nilikuwa mratibu katika kituo cha utafiti wa tiba hapa Pwani. Tangu wakati huo nimeulizwa maswali haya harusini, matangani, ndani ya tuktuk, na zaidi ya kwingine kote kwenye foleni ya mbaazi na mahamri asubuhi. Nimeyaandika jinsi yalivyoulizwa. Kituo sitakitaja, kwa sababu mengine ninayosimulia hayatupi sifa.

Kwani wewe ni daktari?

La. Sijawahi kumdunga mtu sindano. Jirani yangu alinibatiza "karani wa damu", nikakasirika. Siku hizi sikasiriki tena.

Sasa kutwa nzima ulikuwa ukifanya nini?

Mshiriki akifika kituoni hukaa kama saa moja. Anaamkuliwa, anaelezwa, anatia saini, anapimwa, anatolewa damu, anapewa chai na mkate, anarudishiwa nauli, anakwenda zake. Nyuma ya saa hiyo moja kuna kazi ya siku tatu, na huko ndiko nilikokuwa mimi. Nani atamfuata kijijini kwake Msabaha, na kwa chombo gani? Vichupa vimebandikwa lebo za namba yake au za mtu wa jana? Barafu imeganda? Dawa imetoka kwa mfamasia ikiwa na joto la nyuzi 2 hadi 8? Muuguzi wa zamu ana cheti cha maadili ya utafiti ambacho muda wake haujapita? Na chumba kina dirisha linalofunguka? Kabla ya korona hakuna aliyeuliza habari ya dirisha.

Kosa lililonisumbua kuliko yote lilikuwa la fomu ya ridhaa. Kila itifaki, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa, inapobadilishwa, kamati ya maadili huidhinisha fomu mpya, na ile ya zamani inakufa siku hiyohiyo. Mwaka 2020 mambo yalibadilika kila mara: leo tumejua dalili mpya, kesho hatari mpya, na kila moja sharti iandikwe ili mshiriki aijue. Mzee mmoja wa Marafa alitia saini toleo la pili wakati la tatu lilikuwa limekwisha pitishwa, fomu zikiwa bado ndani ya boksi chini ya meza yangu. Ilibidi arudi, aelezwe upya, atie saini tena. Akaniambia, "Jina langu halijabadilika, mwanangu. Karatasi yenu ndiyo yabadilika." Sikuwa na la kumjibu. Nilimlipia tuktuk hadi stendi.

Damu yetu mliipeleka wapi?

Swali hili halikuletwa na korona. Hapa Pwani tumelelewa na hadithi za mumiani, mtu wa usiku anayefyonza damu za watu ikatengenezwe dawa. Kilifi, ambako KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, na washirika wake wa shirika la Wellcome la Uingereza wamekuwapo tangu 1989, uvumi wa aina hiyo umewahi kuwaandama watafiti hata wao wenyewe wakauandikia makala. Basi fikiria 2020: gari linaingia mtaani, wanashuka watu waliofunikwa kwa mavazi meupe toka utosini hadi nyayo, uso huuoni, wanaulizia nyumba ya fulani. Hata mimi ningekimbia.

Bibi mmoja wa Muyeye aliniuliza, "Mwanangu, damu yangu mwaipeleka wapi?" Nikaanza kumweleza kingamwili, zile kinga ambazo mwili huunda ukishaingiwa na virusi, ni nini na zinapimwa vipi. Akanikatiza. "Sikukuuliza yafanya nini. Nimekuuliza yenda wapi."

Ndipo nilipotambua kwamba kwa miezi kadhaa tulikuwa tukijibu swali ambalo hakuna aliyetuuliza. Siku ya pili nikamwonyesha nakala ya ukurasa wa daftari wenye mstari wake, mistari ya wengine nimeiziba. Nikamsomea. Damu imetolewa saa fulani, kiasi cha mililita tano, ndicho kijiko kimoja cha chai. Imetiwa kwenye kisanduku cha barafu saa fulani, na aliyekifunga ametia saini. Imefika maabara, aliyeipokea ametia saini. Imezungushwa kwenye mashine mpaka chembe nyekundu zikakaa chini na juu yakabaki maji ya rangi ya samli. Maji hayo yamegawanywa katika vichupa vitatu vidogo. Kila kichupa kina anwani yake: friza ya pili, rafu ya tatu, sanduku la kumi na nne, tundu la thelathini na saba. Hakuna jina la mtu popote, ni namba tu. Orodha inayounganisha namba na jina hufungiwa mbali, na tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data inayomwadhibu mwenye kuichezea. Sampuli ikitoka nje ya nchi lazima kuwe na mkataba wa uhamisho na kibali. Ikitumika ikaisha, panaandikwa imekwisha, tarehe, na saini.

Alinisikiliza kimya mpaka tundu la thelathini na saba. Kisha akauliza, "Na stima ikipotea?"

Haya, na stima ikipotea?

Ilipotea. Jumamosi moja jioni, mwishoni mwa 2020. Jenereta ya jengo tulilokodi ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Friza zetu huwekwa nyuzi 80 chini ya sifuri, na joto likianza kupanda kengele hupiga simu kwa watu watatu mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alikuwa ameacha kazi miezi mitatu nyuma na laini yake kampa mdogo wake, ambaye kwa kusikia sauti ya mashine alidhani ni matapeli, akawa anakata. Wa pili simu yake ilizima kwa kukosa chaji, maana stima ndiyo hiyo haipo. Wa tatu nilikuwa mimi, na nilikuwa nimelala.

Nilifika na barua ya kupitia kafyu mkononi. Friza ilikuwa ikisoma nyuzi 52 chini ya sifuri. Bahati yetu tulikuwa na barafu kavu ya shehena iliyotakiwa kuondoka Jumatatu. Yenyewe ina nyuzi 78 na nusu chini ya sifuri, tukaijaza humo na kuufunga mlango. Mwenzangu mmoja akanong'ona kwamba kwenye ripoti hamsini na mbili ingependeza zaidi ikiandikwa sitini. Lakini kifaa cha kurekodi joto hujiandikia chenyewe kila dakika kumi, kingetuumbua. Nakiri kwamba hilo lilinisaidia kuwa mwaminifu.

Jumapili nzima tuliandika ripoti. Hakuna kilichoyeyuka, ila kuna vipimo ambavyo sampuli iliyopanda joto kiasi hicho haifai tena kufanyiwa, kwa hiyo sanduku zima likaondolewa katika vipimo hivyo. Kichupa cha bibi wa Muyeye hakikuwamo. Na orodha ya simu za kengele tukaisahihisha, jambo ambalo lingechukua dakika tano mwezi Agosti, yule wa kwanza alipoacha kazi.

Watu walikuwa wakifa. Makaratasi yote hayo ya nini?

Hata mimi nililiuliza hili. Jibu lilinijia katika wiki chache za 2020, na halikutoka kwetu.

Mei 22 jarida la tiba la Lancet lilichapisha makala iliyodai kuchambua wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671 za mabara sita, ikisema hidroksiklorokwini, dawa ya malaria iliyokuwa ikijaribiwa kwa korona, inaongeza vifo. Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda sehemu ya dawa hiyo katika majaribio yake. Watafiti wengine wakaomba kuona data. Kampuni ya Surgisphere, iliyosema inayo, haikuitoa. Juni 4 makala ikaondolewa.

Siku ya pili yake, Juni 5, jaribio la RECOVERY la Uingereza likatangaza kwamba hidroksiklorokwini haiwasaidii wagonjwa waliolazwa kwa korona. Kwa hiyo dawa kweli haikufaa! Tofauti ni kwamba hawa walikuwa na daftari. Ukitaka mgonjwa wao yeyote, alikuwapo: tarehe aliyotia saini, dawa aliyopangiwa kwa bahati nasibu, siku aliyotoka au aliyofariki. Juni 16 jaribio hilohilo likatangaza kuwa deksamethasoni, dawa ya bei nafuu iliyojulikana tangu miaka ya 1950, inapunguza vifo kwa thuluthi moja kwa wagonjwa walio kwenye mashine ya kupumulia, na kwa humusi moja kwa wanaopewa oksijeni. Mgonjwa wao wa kwanza aliandikishwa Machi. Hawakufika hapo kwa kuruka makaratasi. Waliyapunguza yakabaki yale yenye kazi.

Na hapa nitawasema wenzangu. Fomu zetu nyingine zilikuwa na maswali ambayo hakuna aliyewahi kuyafungua tena. Nimehesabu mimi mwenyewe kurasa ngapi mama mjamzito alisomewa kabla ya kupewa kalamu, na niliona haya.

Mlisafiri vipi nchi ikiwa imefungwa?

Kisa cha kwanza nchini kilitangazwa Machi 13, 2020. Machi 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 8 Kilifi, Mombasa na Kwale zikafungwa, huingii wala hutoki. Malindi hadi Kilifi mjini, kama kilomita sitini, tulikwenda bila shida kwa kuwa ni kaunti moja. Tabu ilikuwa daraja la Mtwapa. Hapo kila dereva alihitaji barua yenye muhuri, na kila askari alitaka muhuri wa aina yake. Barafu kavu haisubiri mazungumzo. Kila dakika inapungua, inapaa kama moshi.

Mshiriki mmoja alikwenda Lamu kwa shemeji yake siku mbili kabla ya mipaka kufungwa. Alikwama huko hadi Juni. Kila ziara ya utafiti ina dirisha lake, tuseme siku ya 28 na siku tatu huku na huku, naye akapitwa na madirisha yote. Tulimpigia simu kila wiki, tukaandika alichosema, na mahali pa damu tukaandika "haikutolewa" na sababu.

Kisha Ramadhani ikaingia mwisho wa Aprili. Aliyefunga hapendi kutolewa damu alasiri, na wengi walitaka kuja baada ya futari. Lakini magharibi na kafyu hazikuachana hata saa nzima. Ziara zote zikahamia asubuhi, na wauguzi wawili wakafanya kazi ya wanne.

Saa mbili ni saa ngapi?

Utacheka, lakini swali hili limetugharimu zaidi ya virusi. Mshiriki anasema alimeza dawa saa mbili. Karani mmoja anaandika 08:00, mwingine aliyechoka anaandika 02:00. Kompyuta ya Ulaya inauliza kwa nini mtu huyu aliamka usiku wa manane kumeza kidonge, au mbaya zaidi haiulizi. Mwishowe tukachora kwenye fomu jua na mwezi, na mstari wa saa ya Kiswahili juu ya ule wa saa ya kompyuta. Waliotengeneza mfumo huko nje walisema hauna nafasi ya mistari miwili. Tukauweka kwenye karatasi, na karatasi ndiyo asili.

Kwa nini mlituita kwa namba na si kwa majina?

Kwa siri, kama nilivyosema. Lakini hata siri isingekuwapo, namba zingehitajika. Katika boma moja la Wagiriama majina hurudi kwa wajukuu, utakuta Karisa Charo watatu, na mama wa nyumba anajulikana kwa jina la mwanawe tu. Ukienda mlangoni ukaita "Kadzo!" watatoka wanne.

Kwa nini mlitujaribia sisi Waafrika kwanza?

Najua swali hili lilikotoka. Aprili 2020 madaktari wawili wa Ufaransa walizungumza kwenye televisheni kuhusu kufanya jaribio Afrika, kule wasikokuwa na barakoa wala matibabu. Video ikazunguka kila kundi la WhatsApp la ukoo. Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akayaita matamshi hayo ya kibaguzi. Kwa wiki mbili hatukuandikisha mtu.

Ila tarehe zitazame. Chanjo ya korona ya Chuo Kikuu cha Oxford ilidungwa mtu wa kwanza Uingereza Aprili 23, 2020. Brazil na Afrika Kusini zilifuata Juni. Kilifi ilianza mwishoni mwa Oktoba, ikipangwa kwa watu 400, na waliotangulia walikuwa wahudumu 40 wa mstari wa mbele. Hatukuwa wa kwanza. Tena kuna hasara ya kutokuwamo kabisa. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, Kilifi kikiwamo, kwa kuwa malaria huwezi kuipima Oxford.

Lalamiko lenye haki ni jingine. Shehena ya kwanza ya chanjo ilitua Nairobi Machi 3, 2021, ikiwa na dozi milioni moja na kidogo, katika nchi iliyohesabiwa watu milioni 47 na ushei mwaka 2019. Mkono tuliutoa wakati wa kujaribu, na wakati wa kugawa tukaambiwa tupange foleni nyuma. Aliyekasirikia hilo sikumbishia.

Ilikuwa lazima kukubali? Na aliyetaka kujitoa?

Hapana, na alijitoa siku yoyote bila kueleza sababu wala kunyimwa matibabu. Asiyejua kusoma alisomewa kwa Kiswahili au Kigiriama mbele ya shahidi asiye mtu wa kituo, kisha akapiga kidole. Nimeona mume akimjibia mkewe, nimeona mkwe akimwamulia mkaza mwana. Hapo tulikunja fomu na kuomba kurudi siku nyingine.

Wakaguzi walikagua nini, na ndege hazikuruka?

Walikagua kwa video. Tulifunika majina kwa kalamu nyeusi, tukapiga picha, tukatuma, na intaneti ikizidiwa tukatuma tena. Mkaguzi alitaka kuona mlango wa friza ukifunguliwa, kufuli ya kabati la dawa, saini ya kila siku ya joto. Msemo wake ni ule wa fani nzima: lisiloandikwa halikufanyika. Ukikosea, unapiga mstari mmoja ili kosa lisomeke, unaandika sahihi kando, unatia herufi za jina na tarehe. Rangi nyeupe ya kufutia haikuruhusiwa hata kuingia chumbani.

Wewe mwenyewe hukuogopa?

Niliogopa. Nililala barazani kwa wiki mbili nisimwambukize mama.

Nifanyeje nipate kazi kama hii?

Si lazima uwe daktari. Kuna makarani wa data, wasimamizi wa maabara, wafamasia, madereva, wafuatiliaji wa nyanjani. Mwenye cheti cha maktaba au uhasibu asijidharau, kazi yenyewe ni hesabu. Utafundishwa kanuni za utendaji bora wa utafiti na utapewa cheti cha kuhuishwa kila baada ya miaka michache. Mfuatiliaji wetu bora alikuwa kijana wa mapokezi wa hoteli moja ya ufukweni iliyofungwa watalii walipoadimika. Kiitaliano chake hakikutufaa kitu, ila alijua kumpokea mtu aliyekasirika, na hilo halifundishwi kwenye kozi.

Kuhusu malipo, mikataba ni mifupi na huisha utafiti unapoisha. Usikope benki.

Majibu mliturudishia?

Ya nchi yalitoka mapema kuliko ya mtu mmojammoja. Damu iliyobaki ya wachangiaji damu 3,098, iliyokusanywa kati ya Aprili 30 na Juni 16, 2020, ilionyesha kwamba karibu asilimia 4.3 ya Wakenya wa umri wa wachangiaji hao walikwisha kupata kingamwili, yaani korona ilikuwa imetapakaa kuliko hesabu za jioni kwenye runinga. Lakini kurudi mtaani kukaa na watu na kuwaambia "yenu yamesema hivi", hilo sisi tulichelewa. Bajeti ya kuchukua ilikuwapo, ya kurudisha ilikatwa. Tuliporudi, 2022, baadhi ya wazee tuliowaandikisha walikuwa wamekwisha zikwa.

Bibi wa Muyeye alikuwa hai. Alinipokea kwa kahawa chungu, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ile yangu ya thelathini na saba ingali pale?"

Nilikuwa nimeangalia kabla ya kwenda. Nikamwambia, "La, bibi. Imepimwa ikaisha, na tarehe ninayo hapa."

"Walioandika walitia saini?"

"Wametia."

"Haya. Na wewe andika kuwa umenijuza."

Nikatoa daftari nikaandika. Akauliza saa nimeweka ya wapi.